Urujuani wa Usambara: Mmea wa Kivuli na Mwamba

Upo mmea mdogo uliotoka katika misitu ya Tanga ambao leo hupandwa vyunguni katika nchi nyingi za dunia, hususan Ulaya, Marekani na Japani, na huuzwa kwa mamilioni kila mwaka. Wanaoutunza madirishani mwao hawana idadi. Lakini ni wachache mno waliopata kuuona pale ulipozaliwa, yaani juu ya mwamba wenye unyevu na kivuli, ndani ya msitu. Wajerumani huuita urujuani wa Usambara. Waingereza huuita urujuani wa Afrika. Wataalamu wa elimumimea, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, waliuita Saintpaulia. Katika makala haya tutatumia jina la Usambara, kwa kuwa ndilo linalotaja nyumbani kwake. Nia yetu ni kueleza umbo la mmea huu na maisha yake, na kuonyesha kwa nini wingi wake madirishani haukuuondolea hatari huko kwao.

Yafaa kusema mapema kwamba mmea huu hauna udugu wowote na urujuani wa Ulaya, ule ambao wataalamu huuita Viola. Unafanana nao kwa rangi ya ua tu. Ukoo wake hasa ni Gesneriaceae, ukoo mkubwa wa mimea ya nchi za joto, ambao wengi wake hupenda misitu yenye mvua na aghalabu huota juu ya mawe au juu ya magome ya miti.

Umbo la mmea

Anayetaka kuutambua urujuani wa Usambara porini na aanze na majani. Katika aina nyingi, shina ni fupi kiasi cha kutoonekana, na majani hutoka pande zote kwa mpango wa duara, yakilala karibu karibu kama sahani iliyobandikwa kwenye jabali. Ziko pia aina zenye shina refu linalotambaa juu ya mawe au kuning'inia, likitoa mizizi kila linapogusa mahali penye unyevu. Kikonyo cha jani ni kirefu na chenye nyama. Bapa lake ni la mviringo au lenye umbo la yai, nene kidogo, na upande wa chini mara nyingi lina wekundu wa zambarau. Jani lote limefunikwa na malaika.

Malaika hayo si pambo. Kwa mtaalamu ndiyo alama ya kwanza ya kutenganisha aina na aina. Katika baadhi yake ni marefu na yamesimama. Katika nyingine ni mafupi na yamelala. Na katika nyingine yamechanganyika, mafupi kwa marefu. Tangu miaka ya 1940, B. L. Burtt, mtaalamu aliyefanya kazi zake nyingi katika Bustani ya Mimea ya Edinburgh, alizitambulisha kwa sayansi aina nyingi za mmea huu, na sehemu kubwa ya maelezo yake ilitegemea urefu na mlalo wa malaika hayo yaliyotazamwa kwa kioo cha kukuzia. Kazi ya namna hiyo huonekana ndogo kwa asiyeijua. Lakini bila ya hiyo tusingejua kwamba mwamba mmoja na mwingine, ingawa vimetengana kwa bonde tu, vinaweza kubeba mimea iliyo tofauti.

Maua hutoka katika vikwapa vya majani, mawili hadi kumi hivi katika kikonyo kimoja, nayo huwa ya urujuani, buluu iliyopauka, au karibu na weupe. Petali ni tano, zimeungana chini kwa neli fupi sana, kisha zinafunguka bapa: mbili ndogo juu na tatu kubwa chini. Katikati ya ua hung'aa vitu viwili vya manjano. Hivyo ni vichwa vya stameni, navyo ndivyo ghala la chavua. Stameni zinazozaa ni mbili tu. Nyingine zimedumaa na kubaki kama vijinundu.

Sasa msomaji aitazame ile pistili, yaani kiungo cha kike kinachopokea chavua. Katika maua mengi tunayoyajua, kijiti chake husimama wima katikati. Katika urujuani wa Usambara hukwepa kando: katika ua moja kimeelekea mkono wa kulia, katika jingine mkono wa kushoto, mfano wa mtu na taswira yake kiooni. Mmea uleule huzaa maua ya namna zote mbili. Kwa muda mrefu jambo hili lilionekana kama kichekesho tu cha maumbile, hadi lilipohusishwa na nyuki.

Ua hili halina asali ya kumvutia mdudu. Zawadi yake ni chavua peke yake, nayo imefungiwa ndani ya vile vichwa vya manjano ambavyo hutoboka tundu dogo tu. Mdudu anayetua na kupapasa haambulii kitu. Nyuki anayefaa ni yule anayejua kushika stameni kwa miguu, akakaza misuli ya mbawa bila ya kuruka, na kutetemeka kwa mlio mkali unaosikika. Mtetemeko huo ndio unaoimwaga chavua kama unga kutoka katika chujio. Mwaka 2008 mtafiti Dino Martins alichapisha maelezo ya nyuki wa namna hiyo, wasioishi kwa makundi mzingani, aliowaona wakifanya kazi hii katika vilima vya Taita nchini Kenya. Kwa kuwa pistili imekaa kando, nyuki hupakwa chavua ubavu mmoja na ua la mkono wa kulia, kisha huifikisha kwenye pistili ya ua la mkono wa kushoto. Hivyo chavua ya ua moja haielekei kuishia katika ua hilohilo.

Tunda ni kikasha kidogo chenye malaika, refu au la mviringo kwa kadiri ya aina, ambacho huchukua miezi mingi kukomaa. Mbegu zake ni kama vumbi. Hazina mbawa wala nyama tamu ya kumshawishi ndege; nyingi huangukia pale pale chini ya mama yao au huchukuliwa na maji yanayochuruzika jabalini. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Jinsi ulivyopata jina, na ulivyolipoteza

Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga chini ya utawala wa Wajerumani alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire, mtu aliyependa kukusanya mimea. Alimpelekea baba yake Ujerumani mmea huu aliouona katika sehemu mbili: moja ni mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini Tanga, katika nyufa za mawe ya chokaa, si juu sana kutoka usawa wa bahari, na nyingine ni ndani ya msitu mkubwa wa Usambara, juu milimani. Baba akamkabidhi Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliueleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi na kuuita Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni heshima kwa familia ile. Ya pili imetokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya ua lililo kama urujuani. Wasambaa, bila ya shaka, walikuwa wamepita mbele ya miamba ile kwa vizazi vingi kabla ya mkuu huyo wa wilaya kufika. Lakini kanuni za kutoa majina ya kisayansi humtambua yule tu aliyeandika na kuchapisha.

Majina yaliyofuata yalikuwa na haki zaidi kwa nchi yenyewe, kwani mengi yalitaja mahali. Palikuwa na amaniensis kutoka Amani, magungensis kutoka Magunga, tongwensis kutoka mlima Tongwe, shumensis kutoka Shume katika Usambara ya Magharibi, na teitensis kutoka Taita. Milima ya Uluguru ilitoa goetzeana na pusilla, zote zilizoelezwa na Adolf Engler mwaka 1900. Mtu akiyasoma majina hayo kwa mfululizo ni kama anaisoma ramani ya misitu ya mashariki mwa Tanzania.

Idadi ya spishi ilipanda hadi kupita 20. Kisha ikaanza kushuka. Watunza bustani walikuwa wamekwisha kugundua kwamba nyingi ya hizo zilizoitwa spishi mbalimbali huzaana bila ya taabu, na watoto wao huzaa pia. Mwaka 2006, Iain Darbyshire wa Bustani ya Kew, alipokuwa akitayarisha sehemu ya kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki ya tropiki, alizikusanya nyingi chini ya spishi moja, ionantha, akaigawa katika nususpishi tisa. Moja ya hizo ilipewa jina la kisiwa cha Mafia. Nyingine, rupicola, ni ya miamba ya chokaa ya pwani ya Kenya upande wa Kaloleni.

Pigo kubwa zaidi kwa jina la Saintpaulia lilitoka maabara. Mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk walilinganisha chembe za urithi za mmea huu na za mimea iitwayo Streptocarpus, ambayo imeenea katika Afrika na Bukini. Jina hilo maana yake ni tunda lililosokotwa, kwani tunda la mimea hiyo limezunguka kama kamba, ilhali la urujuani wa Usambara limenyooka. Kwa sababu ya tofauti hiyo na nyinginezo, hakuna aliyefikiri kuwaweka pamoja. Lakini ushahidi wa chembe za urithi ulionyesha kwamba Saintpaulia si ukoo wa kando bali ni tawi lililochipuka ndani ya Streptocarpus yenyewe. Kwa kuwa jina la Streptocarpus lilitolewa mwaka 1828, nalo ni la zamani zaidi, kanuni ililipa ushindi. Tangu mwaka 2012 jina la mmea wetu katika maandishi mengi ya kisayansi ni Streptocarpus ionanthus. Wauza maua hawakujali. Wanaendelea na jina la zamani, na kwa maoni yetu hapana ubaya katika hilo maadamu wataalamu wanaelewana.

Kila mwamba na wake

Milima inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa huitwa na wataalamu Tao la Mashariki. Ni milima ya mawe ya kale sana, na misitu yake imelishwa kwa muda mrefu na pepo zenye mvuke kutoka Bahari ya Hindi. Amani, katika Usambara ya Mashariki, hupata mvua ya takriban milimita 1,900 kwa mwaka. Misitu hiyo imekaa kama visiwa: kati ya mlima na mlima kuna nyika kavu ambayo mmea wa kivuli hauwezi kuivuka.

Ndani ya kisiwa hicho cha msitu urujuani wa Usambara unaishi katika kisiwa kingine kidogo zaidi, nacho ni jabali. Hauoti sakafuni, mahali ambapo majani yaliyoanguka yangeufunika na mimea mirefu kuushinda. Hushika uso wa mwamba uliosimama, penye kuvumwani na udongo kidogo katika nyufa, mara nyingi kando ya kijito. Hapo washindani ni wachache kwa sababu chakula ni kichache. Jani nene huweka akiba ya maji kwa siku za ukame, na mwanga hafifu unaopenya kati ya matawi huutosha. Wanaoufuga nyumbani wanajua kwamba ukiumwagia maji ya baridi, majani hupata mabaka. Chembe hai za jani hufa kwa mshtuko wa kupoa ghafla. Huu ni mmea uliozoea mahali ambapo joto, mwanga na unyevu havibadiliki kwa pupa.

Hapa ndipo tunapoikumbuka ile mbegu isiyosafiri. Kundi la mimea likiisha shika mwamba, hukaa hapo na kuzaana lenyewe kwa lenyewe kwa muda usiojulikana, na tabia zake hujitenga kidogo kidogo na za majirani. Ile ya Shume imezoea mahali pa juu na pakavu kuliko jamaa zake. Ile ya Taita haipatikani popote ila katika msitu wa Mbololo. Mabadiliko haya madogo, ambayo yanawapa wataalamu taabu ya kuamua kama ni spishi au nususpishi, ndiyo hazina yenyewe.

Kwa nini vyungu milioni havitoshi

Watu huuliza, na swali lao si la kipuuzi: ikiwa mmea huu umejaa duniani kote, hofu ya nini? Jibu linapatikana katika historia ya biashara yake. Mwaka 1926 kampuni ya Armacost na Royston ya Los Angeles ilipata mbegu kutoka kwa wauzaji wa Ujerumani na Uingereza. Ikaotesha mimea ipatayo elfu moja, ikachagua 10 tu, ikaiuza kwa majina. Mmojawapo, ulioitwa Blue Boy, ukawa chimbuko la aina nyingi zilizofuata: za waridi, za petali nyingi, za kingo zilizokunjamana. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili walianzisha chama chao huko Marekani, na tangu hapo aina za bustani zimefika maelfu. Ukizitazama utadhani ni umati wa mataifa mbalimbali. Kwa kweli nyingi zao ni wajukuu wa nyumba chache zilizoondoka Tanga mwishoni mwa karne ya 19.

Tena mmea wa bustani huzidishwa kwa jani. Hukatwa jani moja pamoja na kikonyo chake, huchomekwa katika udongo laini, na baada ya wiki kadhaa huchipuka vitoto vyenye urithi uleule wa mama. Njia hii ndiyo iliyoufanya kuwa rahisi na kuenea. Nayo ndiyo inayofanya vyungu elfu vya aina moja kuwa, kwa hesabu ya urithi, mmea mmoja uliorudiwa mara elfu. Mwambani, ambako nyuki huchanganya chavua za kulia na kushoto, kila mche ni mtu wake. Kurudisha mimea ya dukani porini hakungekuwa tiba, bali maradhi: ingezaana na ile ya asili na kufuta tofauti ambazo mwamba umezitunza.

Hatari inayoukabili mmea huu mwambani ina sura isiyo ya kawaida, maana mara nyingi hakuna aliyeugusa. Mtu hukata mti ulio hatua ishirini kutoka hapo. Jua likaingia saa sita za mchana. Kuvumwani ikakauka, ikabanduka, na mimea iliyoshika kuvumwani ikaanguka nayo. Katika miaka ya 1970 na 1980 miti ya Usambara ya Mashariki ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya viwanda vya mbao. Kilimo cha iliki kilichukua sehemu nyingine kwa utaratibu wa polepole: mkulima huacha miti mikubwa kwa ajili ya kivuli, lakini hufyeka mimea yote ya chini na miche, hivyo mti mzee ukianguka hapana wa kurithi nafasi yake. Wakulima hawa hawakufanya hivyo kwa ukaidi. Iliki ilikuwa zao la fedha lililobebeka kichwani kutoka mahali pasipo na barabara. Mti wa kigeni, Maesopsis eminii, uliopandwa milimani humo, nao ulijaza mapengo ya msitu kwa kasi kuliko miti ya asili. Na kuanzia mwaka 2003 wachimbaji wadogo wa dhahabu waliingia katika mabonde ya vijito na kuvuruga kingo zilezile ambazo mmea huu huzipenda. Huko chini, karibu na pwani, adui ni mwingine: mawe ya chokaa ni mali ghafi, na mwamba ukivunjwa kwa ajili ya ujenzi hauoti tena.

Serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997, na mwaka 2000 UNESCO iliitambua Usambara ya Mashariki kuwa hifadhi ya binadamu na viumbe hai. Sababu iliyotajwa mara nyingi haikuwa ua, bali maji. Mto Sigi unaotoka katika misitu hiyo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, ambako mji wa Tanga hupata maji yake ya kunywa. Kivuli kinachoufunika mwamba ndicho pia kinachozuia udongo usiporomokee mtoni. Mkazi wa Tanga ambaye hajapata kuusikia mmea huu anakunywa, kila afunguapo bomba, matokeo ya hali zilezile zinazouweka hai.

Kuhusu fedha, mambo hayakwenda vizuri kama yalivyokwenda kwa maji. Mapatano ya kimataifa juu ya viumbe hai yalitiwa saini mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya, iliyokubaliwa mwaka 2010, ilianza kutumika mwaka 2014. Hayo yanazitaka nchi zinazonufaika na viumbe vya nchi nyingine kugawana faida nazo. Lakini hayarudi nyuma hadi mwaka 1892, na mmea ulioondoka Tanga wakati ule hautoi ushuru wowote kwa Tanga. Mimea iliyobaki mwambani iko katika hali tofauti. Mkuza maua yeyote anayetafuta leo urithi mpya, mathalani wa kustahimili ukame kama ule wa Shume au ugonjwa unaoshambulia aina za bustani, akitaka kuutoa katika misitu hii itampasa kwanza kuomba idhini ya nchi yenye msitu na kuandikiana nayo mapatano, maadamu mwamba huo bado una kivuli chake.